Spika ya Kusikilizwa kwa Miguu

Ukiletewa spika ya zamani, kabla hujaigusa kwa waya wowote, inuse. Sifanyi mzaha. Weka pua karibu na koni, pale katikati penye kifuniko cha mviringo, uvute pumzi taratibu. Ukipata harufu ya karatasi na vumbi, hiyo ni spika iliyochoka tu, mtaelewana. Ukipata harufu ya ugali ulioungua ukashika sufuria, basi koili, ule waya uliosukwa nyuma ya koni, imeungua, na dawa yake ni kusuka nyingine. Na ukipata harufu ya mkojo wa panya, fungulia sanduku nje ya nyumba, tena uwe umevaa viatu.

Nyinyi vijana mnaonipitia hapa Kitengela huwa mnakuja na picha kwenye simu. "Shosho, hii inaweza kupona?" mnaniuliza mimi bibi yenu. Nawajibu, ileteni niinuse. Mnacheka, mnaenda, na wachache ndio hurudi na spika yenyewe kwa mkokoteni. Haya ninayoyaandika ni ya hao wachache.

Jina langu la mtaani ni Mama Syombua. Nilianza kutengeneza spika nyumbani miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga na ng'ombe wakipita mbele ya mlango wangu kwenda mtoni. Nilipoacha, miaka ya elfu mbili ilikuwa inaelekea ukingoni na nyumba za ghorofa zilikuwa zimeninyima jua la asubuhi. Kabla ya spika nilikuwa kibarua kwenye karakana ya kusuka mota za umeme huko viwandani Nairobi. Walipenda kuajiri wanawake kwa sababu ya vidole. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, ukiuvuta kwa hasira unakatika. Karakana ilipofungwa nilirudi nyumbani na vidole vyangu, sijui vitanifaa kwa nini.

Aliyejua ni Mzee Kioko, jirani yangu wa plot ya pili. Ujana wake wote aliumaliza kwenye jumba la sinema, akitunza mitambo ya sauti. Sinema ilipokufa alikuja kujenga hapa kwa sababu daktari alimwambia kifua chake kinataka hewa kavu. Alikuwa mkali, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchimba choo. Alinikuta barazani nikihangaika na spika ya redio kaseti ya mume wangu, muziki unakwaruza mpaka kuku wamehama.

"Mwiitu," akaniambia, ndivyo Wakamba tunavyomwita binti, ingawa wakati huo nilikuwa na watoto wa shule. "Hiyo spika unaipima na nini?"

"Na huu wimbo."

"Wimbo inadanganya. Ngoja taarifa ya habari."

Tukangoja. Msomaji wa habari alipoanza, Mzee Kioko alifumba macho. "Huyo mtu anaongea akiwa ndani ya nyungu," akasema. "Koni imepasuka upande wa chini." Nikaifungua, na kweli ilikuwa imepasuka upande wa chini. Tangu siku hiyo sijawahi kupima spika kwa muziki kwanza. Wimbo hujui ulivyoimbwa huko studio, lakini sauti ya mtu mzima anayesoma habari unaijua tangu utotoni. Ikitoka kwenye nyungu, kwenye kopo au puani, masikio yako yatakwambia.

Alinifundisha pia ile ya betri ya tochi. Unagusisha nyaya mbili kwenye betri, sekunde tu. Koni ikiruka kuja kwako, basi ule waya ulioshika kichwa cha betri ndio wa chanya, uutie alama. Mimi nilitumia rangi ya kucha, nyekundu, na mafundi wanaume walinicheka mpaka wakaanza kuja kuniazima chupa. Alama hiyo ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Spika mbili zikiwekwa chumba kimoja, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea yote.

Hilo nililijifunza kwa aibu huko Nkoroi. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea jozi ya spika alizokuwa nazo tangu ujana wake. Nilizirekebisha vizuri, nikampelekea mwenyewe, nikaunganisha haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na ule udongo mweusi wa njiani nilikuwa naujua. Nyuma ya moja nilikosea nyaya. Muziki ukatoka mwembamba kama supu ya hoteli. Mzee alikunja uso, lakini mke wake akatokea jikoni akisema, "Leo zimekuwa na adabu. Hata vikombe havitetemeki." Nilipogundua kosa na kurudisha nyaya mahali pake, madirisha yakaanza kuimba. Mama yule alinishika mkono, akaniambia polepole mume asisikie, "Rudisha ule ubovu." Sikurudisha, lakini nilimweka mzee kwenye chumba cha nyuma pamoja na spika zake, na ndoa yao iliendelea.

Sasa sikilizeni habari ya kingo. Spika za zamani kabisa ukingo wa koni ni kitambaa kilichopakwa gundi. Hizo huzeeka vizuri. Zilizofuata zikawekewa ukingo wa sponji, na sponji kwa joto letu la Kajiado huoza ikawa kama keki iliyosahauliwa. Ukiigusa inabaki kidoleni. Usihuzunike, ukingo hubadilishwa. Kwangua yote ya zamani, usiache hata kipande. Halafu kabla ya kubandika mpya, toa kile kifuniko cha katikati, uchomeke vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kuzunguka koili, ili ikae katikati ya sumaku bila kugusa popote. Gundi ikikauka, vuta vipande vyako vitoke. Na gundi iwe ile nyeupe inayobaki laini. Ile kali ya kushika mara moja muwaachie washona viatu.

Lakini jambo ambalo Mzee Kioko alilishikilia kuliko yote ni sanduku. Alikuwa akiligonga kwa vifundo vya vidole. "Sanduku ya spika ikitikisika inaiba sauti," alisema. "Koni peke yake ndiyo inaruhusiwa kutembea. Ukigonga, iwe kama umegonga jiwe." Kwa hiyo spika yoyote ya zamani iliyonipitia niliipandisha daraja hapo: niliweka mihimili ya mbao ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, nikaziba nyufa, nikajaza sufu ya kunyonya mwangwi.

Hiyo sufu nayo ilinipa hadithi. Mzee Kioko aliniambia nitafute sufu ya kondoo, ndiyo waliyokuwa wakitumia kwenye sinema. Nikawaza, mimi naishi kwa Wamaasai, kondoo ni wengi kuliko watu, hiyo si shida. Nikaenda na gunia soko la Isinya. Akina mama waliokuwa wakiuza maziwa walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu wakaangaliana. Mmoja akanishika bega akanigeuza nitazame kondoo waliokuwa pale. Walikuwa na manyoya mafupi kama ya mbuzi, kikubwa walicho nacho ni mkia.

"Yeyo," akaniambia, akiniita mama kwa Kimaa, "hawa kondoo ni wa mafuta. Si wa sweta."

Neno sweta ndilo lililoniokoa. Nilienda kwenye mitumba nikachukua zile sweta nzito za baridi ya ng'ambo ambazo hapa hazinunuliwi na mtu, nikazifumua, nikajaza masanduku. Mteja wangu mmoja wa Kona Baridi, kule upepo hauna huruma, alifungua spika yake akakuta nusu ya sweta safi kabisa. Aliniuliza kama nusu nyingine iko.

Basi mimi nikawa fundi wa masanduku yasiyotikisika. Watu walitoka Gataka, walitoka Athi River, wakasema spika za Mama Syombua ukiziwekea glasi ya maji juu, maji yanalala. Niliipenda sana sifa hiyo. Halafu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaja Rebeka.

Rebeka alikuwa mwalimu kijana wa shule moja ya msingi upande wa Kajiado, mtoto wa wafugaji wa huko huko. Alikaa kwenye stuli, akakataa chai, halafu akaikubali.

"Mama Syombua, nimeambiwa wewe unafufua spika kubwa za zamani."

"Zile zinazokubali."

"Niko na watoto nataka wacheze densi."

"Ukumbi wako ni mkubwa namna gani?"

"Si ukumbi. Ni darasa tu. Lakini hao watoto hawasikii."

"Watoto wa siku hizi hawasikii," nikamwambia, nikiendelea kukwangua koni. "Hata wangu ni hivyo."

Akacheka, akaweka kikombe chini. "Hapana, mama. Hawasikii kabisa. Ni viziwi."

Nikaweka kisu chini. Akanieleza kwamba darasa lake ni la watoto viziwi peke yao, wanafundishwa kwa lugha ya ishara, na kwamba ameona kitu. Lori la mawe likipita barabarani, watoto wote hugeuka dirishani kabla yeye mwenyewe hajalisikia. Wanalipata kwa madawati na kwa nyayo. Alikuwa amejaribu redio ya kaseti, wakaishika, wakamrudishia. Redio ile haikuwa na nguvu za lori.

"Kwa nini haraka?" nikamuuliza, kwa sababu nilimwona hatulii.

"Kuna msichana anaitwa Nasieku. Ndiye mkubwa kwao. Baba yake anataka kumtoa muhula ukiisha." Alisema bila kumlaumu. Ukame ulikuwa umewasukuma vijana wa mzee huyo mbali kutafuta nyasi, na mbuzi walikuwa hawana mtu wa kuwachunga. "Tena anasema, amemwacha kwangu muda mrefu, na bado akirudi nyumbani hawawezi kuongea. Ananiuliza, hapa anajifunza nini? Siku ya wazazi atakuja kumchukua. Nataka kabla hajamchukua, amwone."

Nilikuwa na spika inayofaa, au ndivyo nilivyoamini. Hoteli moja ya zamani kwenye barabara ya Namanga ilikuwa imefungwa, nami nikapata spika yao ya ukumbi wa densi, koni ya karatasi pana kama sinia ya pilau, ukingo wa kitambaa, sumaku ya kuinuliwa na watu wawili. Nilikuwa nimeitengeneza kwa ajili yangu mwenyewe. Mzee Kioko alikuwa ameigonga kila upande na kutikisa kichwa kwa kuridhika, na yeye si mtu wa kuridhika ovyo. Nikamwambia Rebeka nitaileta, na nilikuwa na uhakika wote.

Tulipakia kwenye pikapu, tukaenda. Darasa lilikuwa safi, sakafu ya simiti. Kanisa la jirani lilitukopesha amplifaya. Watoto walizunguka sanduku, Rebeka akawaonyesha waweke viganja. Nikawasha, nikaongeza, nikaongeza tena mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mabati. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni akaziba masikio.

Watoto walinitazama. Kijana mmoja akalipapasa sanduku shingoni kama anavyopapaswa ng'ombe, kwa upole, asinivunje moyo. Nasieku alikuwa msichana mrefu, mwenye macho yasiyobembeleza mtu. Aliweka viganja, akangoja, akaviondoa, akavipangusa kwenye sketi. Akamwambia Rebeka kitu kwa mikono.

"Anasema nini?"

Rebeka alisita. "Anasema ni ubao mzuri."

Niliweka kiganja changu hapo alipokuwa ameweka chake. Kweli. Chumba kizima kilikuwa kinanguruma na sanduku langu lilikuwa limelala kimya kama jiwe la kaburi. Mihimili, sweta, nyufa zilizozibwa: kila kitu ambacho kingewafikia wale watoto nilikuwa nimekiua kwa mikono yangu, kwa ustadi mkubwa. Na kile kidogo kilichobaki, sakafu ya simiti ilikimeza.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mzee Kioko. Wakati huo alikuwa mzee sana, anakaa kwenye kiti cha kamba juani, blanketi magotini.

"Nataka kuitoa mihimili yote," nikamwambia. "Na sweta. Nataka itikisike."

"Unataka kuharibu spika nzuri makusudi."

"Ndiyo."

Alivuta blanketi juu ya magoti. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa amerudi kwenye sinema yake.

"Nyuma ya pazia," akasema, "spika zilikuwa zimekaa kwa jukwaa ya mbao. Chini ni tupu. Treni ikija kwa filamu, mimi nilikuwa naijua na miguu kabla watu hawajaanza kupiga kelele. Nilikuwa natoa viatu." Akanitazama. "Sanduku peke yake haitoshi. Wajengee jukwaa. Halafu spika iteme sauti chini, hapo kwa tumbo ya jukwaa."

Kung'oa ile mihimili kuliniuma, siwafichi. Lakini nilipoanza, mikono ikashika kasi. Nilinunua mbao za makasha ya kupakia mizigo kutoka viwandani, na fundi seremala wa mtaani akanisaidia kupiga jukwaa la vipande vipande, la kuunganishwa kwa bolti, lenye uwazi chini wa kupitisha mbwa. Upande mmoja tuliacha tundu la ukubwa wa koni. Spika ingesimama wima hapo, imefungwa kwa bolti kwenye fremu ya jukwaa, ipulize ndani ya ule uwazi. Tulipoijaribu uani, Mzee Kioko aliinama kutoka kitini akagonga mbao kwa vifundo.

"Inalia kama ngoma," akasema. "Mbaya kabisa." Na uso wake wote ulikuwa unacheka.

Tulirudi Kajiado. Siku hiyo stima ilikuwa imepotea, mwalimu mkuu akaturuhusu jenereta la shule, linanguruma nje ya dirisha. Rebeka alikuwa ametafuta kaseti aliyorekodi kwenye harusi ya kaka yake: wanaume wakiimba Kimaasai, mmoja anapanda juu na wengine wanajibu kwa ile sauti nzito ya kooni inayokwenda kama pumzi ya ng'ombe dume. Ngoma hawana, koo zao ndizo ngoma. Watoto wakavua viatu, wakapanda.

Nikafungua sauti kidogo kidogo. Kijana yule aliyelipapasa sanduku langu kama ng'ombe alitazama miguu yake. Halafu akamtazama mwenzake. Halafu mtoto mdogo kuliko wote akalala kifudifudi, shavu kwenye mbao, akatulia hapo macho wazi. Hakuna aliyecheza bado. Walikuwa wanasikiliza. Nimewaona watu wengi wakisikiliza spika zangu, na sijawahi kuona watu wakisikiliza vile.

Wakaanza kuruka. Kwanza kila mmoja na wakati wake, halafu Nasieku akaanza kupiga kisigino pale wale waimbaji wanapojibu, na wenzake wakamfuata. Nilikuwa tayari nimeanza kujipongeza.

Nasieku akasimama. Akashuka, akapiga magoti karibu na tundu, akashika fremu kwa ncha za vidole. Akanitikisia kichwa kukataa. Akakwaruza mbao kwa ukucha, krr, krr, akanionyesha spika.

"Anasema kuna kitu inakwaruza," Rebeka akatafsiri.

Nikainama nikasikiliza. Jenereta lilikuwa linapiga makelele, mabati yanalia, waimbaji wananguruma. Sikusikia mkwaruzo wowote. Rebeka naye hakusikia. Lakini yule msichana alikuwa haondoki, na kelele ya jenereta yeye haikuwa inamsumbua. Nikamwomba mwalimu mkuu alizime kidogo, nikasukuma koni kwa vidole, polepole, sikio likiwa karibu. Krr. Chini kabisa, kama mchanga kwenye meno.

Jueni hili, wanangu. Koni nzito iliyosimama hivyo hivyo miaka mingi hulegea ikashuka, na koili yake inaanza kugusa chuma upande wa chini. Ukiiacha itajikwangua mpaka iungue. Kwa dawa yake huna haja ya kununua kitu: fungua bolti, geuza spika nzima juu iwe chini, ufunge tena. Uzito wake utairudisha katikati. Nilifanya hivyo hapo hapo, Nasieku akinishikia bolti kiganjani. Jenereta likawashwa, nikafungua sauti. Akagusa fremu, akangoja, akanipa ile ishara ambayo haihitaji mkalimani.

Kwenye pikapu nilimwambia Rebeka kwamba nimefanya kazi na mafundi wenye masikio ya kila namna, na yule ndiye ningemwajiri.

"Mwambie baba yake," akasema.

Siku ya wazazi nilienda kama fundi, kukaa karibu na amplifaya. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, akina mama mbele. Baba Nasieku alichelewa kuja, mzee mwembamba mwenye shuka juu ya koti, akasimama nyuma akiegemea fimbo. Sanduku la bati la binti yake lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kamba. Aliponipita alinisalimu, "Takwenya," nami nikaitikia, "Iko," kwa sababu hapa tumeishi pamoja kiasi cha kujua kuitikiana.

Watoto wakapanda. Wimbo ukaanza, na nyuma ya chumba niliona wazee wakigeuziana vichwa, waliutambua. Watoto waliruka kwa pamoja, wakashuka kwa pamoja, Nasieku mbele akiwaongoza kwa kisigino. Akina mama walianza kupiga makofi, kisha mmoja akaacha, akauficha uso kwenye leso.

Baba Nasieku hakupiga makofi. Wimbo ulipokwisha akaja mpaka kwa Rebeka, mbele ya watu wote.

"Mwalimu, wewe umewaonyesha na mkono wakati ya kuruka."

"Hapana, mzee. Nilikuwa nyuma yao."

"Basi huyu mama amewaonyesha."

"Mimi nilikuwa nimetazama mashine," nikasema.

Akafikiri. Hakuwa anatafuta ugomvi; alikuwa mtu anayekagua mnyama kabla ya kumnunua. "Weka tena," akaniambia.

Akavua akala zake za matairi akaziweka kando, sambamba, akamwachia Rebeka fimbo, akapanda jukwaani. Watoto wakampisha. Nikarudisha kaseti. Alisimama pale katikati na shuka yake, na wanaume wa kaseti walipoanza kujibu, akaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili na kufumba macho.

Mimi nilikuwa nimeshika kitufe cha sauti na sikuthubutu kukigusa. Alikaa hivyo wimbo wote, masikio yamezibwa, hatikisiki. Nilichokiona mimi ni vidole vyake vya miguu, vimejikunja vikashika mbao.

Alipofumbua macho Nasieku alikuwa mbele yake. Akamuuliza kitu kwa mikono. Mzee akamtazama Rebeka.

"Anakuuliza umeipata wapi," Rebeka akasema. "Kwa mwili. Umeipata mahali gani."

Mzee akaitazama mikono yake kama mtu aliyepewa chombo asichojua kinashikwa vipi. Halafu akagusa goti lake. Akagusa na mbavu.

Nasieku akatikisa kichwa kukataa. Akamshika baba yake mkono, akaupandisha, akauweka hapa, kwenye kile kishimo chini ya shingo ya baba mwenyewe, akaubana pale. Nikawasha kaseti tena bila kuambiwa. Mzee alisikiliza mkono ukiwa hapo, na baada ya muda akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubali kwamba alikuwa ameambiwa ukweli tangu mwanzo.

Sanduku la bati lilienda na Nasieku nyumbani, kwa sababu likizo ni likizo na mbuzi ni mbuzi. Muhula uliofuata lilirudi, na baba yake ndiye aliyelibeba begani mpaka mlangoni mwa darasa. Rebeka aliniambia kwamba hakutaka kuketi wala kunywa chai. Alitaka afundishwe maneno mawili ya mikono kabla hajaondoka, akayarudia na binti yake pale uwanjani mpaka akayapata sawasawa: neno la mbuzi, na neno la kesho.